Mtu Mmoja Nyuma ya Toleo



Tarehe 29 Machi 2024 ilikuwa Ijumaa Kuu, tena ndani ya mwezi wa Ramadhani. Siku hiyo mhandisi mmoja aitwaye Andres Freund alitoa taarifa iliyowafanya mafundi wa kompyuta katika nchi nyingi waiache sikukuu, wakimbilie seva zao. Freund ni mfanyakazi wa Microsoft, na kazi yake ni kuendeleza PostgreSQL, hifadhidata huria inayotumika dunia nzima. Alikuwa akipima kasi ya mashine zake, akaona jambo dogo sana. Kuingia kwenye mashine kwa njia ya ssh, ambako zamani kulichukua sekunde 0.3 hivi, sasa kulichukua sekunde 0.8. Nusu sekunde, basi. Wengi wetu tungeipuuza na kuendelea na shughuli. Yeye hakuipuuza.

Kwa asiyeijua, ssh ndiyo njia ambayo wasimamizi wa mifumo huitumia kuingia kwenye seva wakiwa mbali nayo. Fundi aliyeko Dodoma akitaka kurekebisha seva iliyoko Dar es Salaam hapandi basi. Anafungua ssh, anatoa ufunguo wake, anaingia. Anayeishika njia hiyo ameishika seva nzima.

Freund aliufuata ule ucheleweshaji hatua kwa hatua, ukamfikisha mahali pasipotarajiwa: kwenye liblzma, maktaba ya programu iitwayo xz, ambayo kazi yake ni kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Programu ya kubana mafaili inahusianaje na mlango wa kuingilia seva? Inahusiana kwa mnyororo. Wakati huo Debian, Fedora na baadhi ya wasambazaji wengine wa Linux walikuwa wakiiongezea ssh kipande cha kuzungumza na systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, na maktaba ya systemd nayo ilikuja imeibeba liblzma. Ndani ya xz, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, mtu alikuwa amepachika mlango wa siri. Mwenye ufunguo mmoja maalumu angeweza kuipa mashine amri kupitia ssh bila nywila na bila ruhusa ya mwenye mashine. Kasoro hiyo ilipewa namba CVE-2024-3094, na kwa ukali ikapewa alama 10 kati ya 10.

Kisa hiki wataalamu wa usalama wamekichambua sana. Mimi leo naomba tukae kwenye mambo mawili ambayo kwetu sisi naona yanapewa uzito mdogo: namna toleo la programu linavyotengenezwa, na mtu anayelitengeneza.

Tukisikia kwamba programu fulani ni huria, wengi tunapata utulivu. Msimbo uko wazi, tunasema, macho ya watu wengi yanausoma, ubaya utajificha wapi? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila inaruka hatua moja. Msimbo ni kama mahindi. Unayamwaga kwenye ungo, unayapepeta, unatoa mawe na punje zilizooza. Lakini kompyuta haili mahindi, inakula unga. Ni lazima msimbo upite kwenye programu iitwayo kompaila, ambayo huusaga ukawa mfululizo wa namba ambazo binadamu hawezi kuzisoma kwa macho. Ukishakuwa unga, nani atakuonyesha punje iliyokuwa mbovu? Na sisi tunaopakua programu, iwe kwenye simu au kwenye seva ya ofisi, mara nyingi tunapokea unga uliosagwa mahali tusipopajua, na mtu tusiyemjua.

Kwenye xz hila ilifanyika hata kabla ya hatua hiyo. Kila mradi una hazina ya msimbo, mahali ambapo kila badiliko huandikwa: nani kalifanya, lini, na kwa nini. Siku ya kutoa toleo jipya, mtunzaji wa mradi hufunga kifurushi cha toleo, faili moja lenye msimbo wote, likiwa na namba yake na sahihi ya kidijitali. Kifurushi hicho ndicho Debian, Fedora na wengine wanachokichukua ili wajenge vifurushi vyao wenyewe. Sasa, katika miradi mingi ya zamani iliyoandikwa kwa lugha ya C, kifurushi cha toleo hakifanani na hazina moja kwa moja. Ndani yake kuna mafaili ya kujengea, ambayo zana huyazalisha siku ya kufunga toleo. Ni mistari kwa maelfu, na yote inaihoji mashine: una kompaila gani, una maktaba zipi, mfumo wako ni upi? Hii ni desturi ya miongo kadhaa. Kwa kuwa ni desturi, hakuna aliyeshtuka kuona kifurushi kina vitu ambavyo havimo kwenye hazina.

Hapo ndipo mhalifu alipojificha. Faili moja dogo la kujengea, build-to-host.m4, lilikuwa na mistari ya ziada ndani ya kifurushi cha toleo tu. Aliyekesha akiisoma hazina asingeiona. Mzigo wenyewe ulikuwa kwenye mafaili ya majaribio. Programu ya kubana mafaili huhitaji mafaili mabovu kwa makusudi, ili ijulikane kama inaweza kuyatambua. Kwa hiyo faili lililovurugika ndani ya mradi kama huu halimshangazi mtu. Wakati wa kujenga, mistari ile iliamka na kutazama mazingira. Hii ni Linux ya x86-64? Inajengwa kama kifurushi cha Debian au cha RPM, kama vile vya Fedora na openSUSE? Jibu likiwa hapana, ilikaa kimya. Likiwa ndiyo, ilifumua yale mafaili ya majaribio, ikatoa kilichofichwa humo, ikakiunganisha ndani ya liblzma. Mtu aliyejijengea xz mwenyewe kutoka kwenye hazina alipata programu safi kabisa.

Na ile sahihi ya kidijitali? Ilikuwepo, tena halali. Kifurushi kilitiwa sahihi na mtu mwenye mamlaka kamili ya kukitia sahihi. Jambo hili naomba tulishike vizuri, kwa sababu ofisi nyingi zinaishia hapo katika ukaguzi: sahihi ipo, endelea. Sahihi inathibitisha nani amefunga kifurushi. Haisemi amefunga nini.

Toleo la 5.6.0 lilitoka tarehe 24 Februari 2024, na la 5.6.1 tarehe 9 Machi. Mpaka Freund anatoa taarifa, mlango wa siri ulikuwa umeshaingia kwenye matawi ya majaribio ya Debian, kwenye Fedora inayoendelea kutengenezwa, na kwenye openSUSE Tumbleweed. Kwenye matoleo tulivu, yale yanayoendesha seva za kazi, ulikuwa bado. Ubuntu walisogeza mbele kwa wiki moja toleo la majaribio la 24.04, wakajenga upya vifurushi vyote vilivyokuwa vimejengwa tangu msimbo ule uingie. Msikilizaji, Ubuntu 24.04 ni toleo la kutumika miaka mingi, la aina ambayo idara za serikali, vyuo na makampuni ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hulisimika na kulitegemea kwa muda mrefu. Huo mlango wa siri ulibakiza wiki chache tu kutufikia.

Sasa tumtazame aliyetia sahihi, na aliyekuwa akitia sahihi kabla yake.

Kwa miaka mingi xz ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland. Hakuna aliyemwajiri kuifanya kazi hiyo. Aliifanya kwa kujitolea. Na wakati huohuo kazi yake ilikuwa imesambaa karibu kila mahali penye Linux: vifurushi vya Debian vinabanwa kwa xz, na hata msimbo wa kiini cha Linux husambazwa ukiwa umebanwa kwa xz. Mwishoni mwa 2021 akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akileta marekebisho madogo yenye manufaa. Mwaka 2022 yakaanza malalamiko kutoka kwa majina mengine ambayo hayakuwa na historia yoyote katika mradi. Mbona kazi inasuasua? Mbona marekebisho ya watu hayaingizwi? Kwa nini mtunzaji asimwachie mwingine? Mwezi wa Juni mwaka huo Collin alijibu hadharani, kwa upole, kwamba matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili yamempunguzia uwezo wa kushughulikia mradi, akawakumbusha kwamba ni mradi wa kujitolea usio na malipo. Jibu hilo halikuwatuliza, shinikizo liliendelea. Hatimaye Jia Tan akapewa ruhusa ya kuingiza mabadiliko, na kufikia 2023 alikuwa akitoa matoleo kwa jina lake. Na baada ya siri kufichuka, Jia Tan akatoweka.

Kila ninapoupitia mlolongo huo napata uchungu. Mtu anasema hadharani kwamba amechoka na anaumwa, na mamilioni ya mashine yanamtegemea, lakini msaada unaomfikia ni wa mtu mmoja tu, naye ni mwizi. Mimi sikubaliani na wanaosema kosa ni la Collin kwa kumwamini mtu asiyemfahamu. Angemwamini nani? Makampuni yaliyokuwa yakiitumia kazi yake yana wahandisi kwa maelfu. Laiti kampuni moja ingemtoa mhandisi wake siku moja kwa juma, akakaa na Collin, akasoma marekebisho, akajenga toleo sambamba naye na kulilinganisha. Yule mwizi angekosa nafasi. Na baada ya yote hayo, aliyerudi kusafisha uchafu ni Collin yuleyule. Aliipitia hazina, akaondoa kilichopachikwa, na tarehe 29 Mei 2024 akatoa toleo la 5.6.2 lililo safi.

Tena dunia ilikuwa imeonywa. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya siri ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia, za mabenki zikiwemo. Ikajulikana kwamba michango iliyokuwa ikiufikia mradi huo kwa mwaka ilikuwa kama dola 2,000 za Marekani. Baada ya aibu ile, makampuni makubwa yalichanga fedha kupitia Linux Foundation. Fedha zilikwenda kwenye miradi iliyokuwa imeshajulikana kwa jina. Maktaba ndogo ya kubana mafaili haikuwa na jina la kuzivuta.

Tiba ipo, na sehemu yake ni ya kiufundi. Mwaka 2013 wanachama wa mradi wa Debian walianza kazi ambayo kwa nje inachosha hata kuisimulia: kuhakikisha kwamba msimbo uleule, ukijengwa na watu wawili tofauti kwenye mashine mbili tofauti kwa zana zilezile, unatoa kifurushi kinachofanana herufi kwa herufi. Ikiwa mimi nimejenga Arusha na wewe umejenga Bujumbura, na alama za uhakiki za vifurushi vyetu zinalingana, basi hakuna aliyechomeka kitu njiani. Zisipolingana, kuna swali la kujibiwa.

Inasikika kuwa rahisi. Lakini programu zina tabia ya kujiandikia tarehe na saa ya kujengwa kwake, na jina la folda zilimojengwa, na kupanga mafaili kwa mpangilio ambao diski imeamua siku hiyo. Kila moja ya tabia hizo huharibu ulinganifu. Ilibidi watu wa kujitolea wapite kifurushi baada ya kifurushi, miaka nenda miaka rudi, wakiandika marekebisho na kuyapeleka kwa wenye miradi. Wakakubaliana hata jina la kigezo kimoja, SOURCE_DATE_EPOCH, kinachoiambia kila zana itumie tarehe moja iliyowekwa badala ya kutazama saa ya mashine. Leo zaidi ya asilimia 90 ya vifurushi vya Debian vinaweza kujengwa upya na kulinganishwa kwa namna hiyo. Mimi naihesabu kazi hii kuwa miongoni mwa kazi kubwa za ulinzi wa kompyuta za zama zetu, ingawa haijawahi kuzinduliwa kwa utepe.

Hata hivyo, kwa kisa cha xz ulinganifu peke yake usingetosha. Watu wawili waliochukua kifurushi kilekile chenye sumu wangejenga programu mbili zinazofanana, zote zikiwa na sumu. Ndiyo maana hatua ya pili ni muhimu: kifurushi cha toleo kitoke moja kwa moja kwenye hazina, bila nyongeza, ili yeyote aweze kukitoa mwenyewe na kulinganisha. PostgreSQL, ule mradi wa Freund, ulikuwa umeshaanza kugeukia njia hiyo hata kabla ya taarifa yake, na toleo la 17 lililotoka Septemba 2024 linaifuata. Miradi mingi bado. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alionya katika hotuba yake ya tuzo ya Turing iliyochapishwa mwaka 1984 kwamba hata kompaila yenyewe inaweza kufundishwa kusaliti, na msimbo wake ukabaki safi. Miaka arobaini baadaye ndipo tunaanza kumsikiliza kwa vitendo.

Najua kuna msikilizaji anajiuliza: haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu mifumo yetu imesimama juu ya programu huria, na mingine imezaliwa hapahapa. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika leo katika nchi nyingi, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, katika huduma za watu wenye virusi vya Ukimwi. DHIS2, inayoendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayokusanya takwimu za afya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Mganga wa zahanati anayejaza idadi ya watoto waliochanjwa anategemea mnyororo mrefu wa maktaba ndogondogo, na nyingi kati yake zina mtunzaji mmoja mahali fulani.

Sisi tuna ugonjwa wetu, nao ni kupenda uzinduzi. Mgeni rasmi anakuja, utepe unakatwa, mfumo unawaka, picha zinapigwa. Ukiiuliza bajeti ya mwaka wa tatu wa mfumo huo, utaambiwa mradi umeisha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoongea Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini Oktoba 2005 OpenOffice yenyewe ikatoa toleo la 2.0, lenye menyu mpya na maneno mapya. Tafsiri ya programu hailali. Kila toleo jipya linadai mtu wa kukaa chini tena, kutafuta maneno, kujenga, kujaribu. Kazi hiyo haina mgeni rasmi, na ndiyo inayoamua kama programu itakuwepo baada ya miaka mitano.

Basi naomba mambo machache, na naomba kwa dhati.

Wewe unayesimamia seva: andika orodha ya kilichomo ndani yake, toleo kwa toleo, na utafute lini kila kimoja kitaacha kupokea masasisho. CentOS 7 iliacha kupokea masasisho ya kawaida tarehe 30 Juni 2024. Kama seva yako bado iko juu yake, usingoje kikao cha bajeti kijacho.

Wewe mkuu wa idara, mkurugenzi wa kampuni, mkuu wa chuo: una kijana mmoja au wawili wanaojua kuandika msimbo. Wape saa za kazi, saa zinazolipwa, za kutunza programu huria ambayo ofisi yako inaitumia. Wajaribu matoleo kabla hayajatoka, waripoti kasoro kwa ukamilifu, wajenge vifurushi wenyewe na kuvilinganisha na vile wanavyopakua. Mnapoandika zabuni ya mfumo mpya, wekeni kifungu cha matunzo chenye fedha ndani yake, na mkilinde kifungu hicho wakati wa kupunguza matumizi.

Ninyi wanafunzi wa kompyuta wa Mzumbe, Makerere, Nairobi, Zanzibar na kwingineko: si lazima uanze kwa kuandika programu yako mpya. Chagua moja unayoitumia, soma namna inavyojengwa, ijenge kutoka kwenye hazina, kisha uone kama unapata kilekile ambacho wengine wanapakua. Usipokipata, waulize wenye mradi kwa nini. Ukikuta mtunzaji ni mmoja na amechelewa kukujibu, mwandikie kwa adabu, mshukuru kwa kazi yake, muulize ni kipi umsaidie. Shinikizo lililomvunja nguvu yule ndugu wa Finland lilikuwa ni maneno tu, maneno ya watu waliodai bila kubeba. Tusiwe miongoni mwao.